Pipa la Bluu Lililofika Matema Peke Yake

Mwera ukivuma usiku kucha, asubuhi yake ziwa la Matema hulala kama mlevi aliyesamehewa. Milima inajitazama majini kichwa chini. Mbali kabisa wingu la vijidudu vyenye mabawa linasimama juu ya maji kama moshi, utadhani kuna mtu anachoma shamba huko ambako hakuna shamba. Asubuhi kama hizo kijiwe cha Senati hujaa mapema. Senati ni mtumbwi mzee uliopinduliwa mchangani, umelainishwa na makalio ya watu wasio na pa kwenda. Mbele yake Asifiwe huweka jiko la mkaa, birika na sahani ya kashata. Kahawa yake ina sifa mpaka Kyela mjini, naye hafichi siri: huchota maji ziwani alfajiri, kabla hayajakanyagwa na mtu, kwa sababu maji ya bomba, anasema, yana ladha ya serikali. Asubuhi hiyo, kati ya jiko na maji, lilisimama pipa. La plastiki, la bluu, zima, vizibo vyake viwili vimekazwa. Mawimbi yalikuwa yamelisukuma ufukweni wakati watu wamelala.

Aliyeliokota ni Anyelwisye, mvuvi, ambaye Senati humwita Mwekezaji kwa kuwa hajawahi kuona kitu asikigeuze mradi kabla hakijakauka. Jumamosi binti yake Catheline anaolewa, na togwa ya wageni haikuwa na chombo. Mungu kaleta chombo. Mwekezaji alikuwa ameshika msumeno.

Amon alilitazama pipa, akaacha kutafuna kashata. Yeye Senati humwita Digrii, na jina lenyewe ni tusi. Alisoma kemia chuo kikuu, akarudi nyumbani na cheti ndani ya bahasha ya nailoni, na tangu siku hiyo mama yake humjibu kila anayeuliza kwamba kijana anasubiri. Anasubiri nini, hata mama hajui. Lakini kile kibandiko cheupe ubavuni mwa pipa, chenye umbo la almasi, kona moja imebanduka, Amon alikijua kama mtu anavyomjua adui wa utotoni. Kilichorwa mti usio na jani na samaki aliyelala chini yake.

— Baba, usilikate hilo. Ni sumu.

Kijiwe kilimsikia kama kinavyosikia mbwa wa jirani.

— Sumu gani imechorwa samaki? Mwekezaji aliuliza, hata hakugeuka.

— Samaki aliyekufa. Angalia tumbo lilivyo juu.

— Gwe Digrii, samaki wote ninaouza wamekufa.

Wakacheka. Asifiwe alicheka mpaka kahawa ikamwagikia makaa.

Aliyechukua usukani ni Tuntufye, ambaye zamani alibeba mizigo bandarini Itungi, na kwa hiyo chochote kilichowahi kufungwa kamba duniani yeye ni msemaji wake. Wanamwita Meneja. Alilizunguka pipa mikono mgongoni, akainama, akapapasa chini ya ubavu palipogongwa muhuri wa duara wenye herufi mbili, U na N. Alipoinuka uso wake ulikuwa na heshima ya msibani. Umoja wa Mataifa, alitangaza. Mafuta ya kula ya wakimbizi. Meli ya huko Malawi imekosea njia.

Amon alieleza, kwa sauti aliyoizoea ya mtu anayezungumza na ukuta, kwamba kweli ni Umoja wa Mataifa, ila si chakula. Wao ndio waliokubaliana sheria za kufungasha vitu vya hatari, na muhuri ule maana yake pipa la aina hiyo limepimwa na kufaulu. Aliwaonyesha herufi X iliyofuata: hiyo hupewa vyombo vinavyoweza kubeba sumu kali kuliko zote. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akasema X ni alama ya kukosa, mwalimu alimwandikia hiyo miaka yote ya shule, na hakufa.

Mwanga uliteleza juu ya maji. Nadharia nazo zikaanza kuelea. Asifiwe alisema labda ni manukato, maana alipopita karibu alisikia kama maua. Meneja akahama kutoka mafuta kwenda asali. Kisha Mwekezaji akatupa macho mbali kwenye ule moshi wa vijidudu, na aliporudi alikuwa ameona jambo.

— Mnaona ile picha? Mti umekauka, samaki kazimia. Hao ni wagonjwa. Chupa ya dawa si huandikwa inatibu nini? Ndani humu mna dawa ya ziwa.

Hakuna aliyecheka. Mbasa, samaki wa sifa wa ziwa hili, wamekuwa adimu miaka hii. Nyavu zinatoka na majani, na wanaume wanarudi nyumbani wakipita nyuma ya nyumba. Mwekezaji akaanza kuwasimulia taratibu, kama anayemwimbia mtoto: atang'oa kizibo, atamimina dawa pale penye miamba, na kufika Jumamosi mbasa watakuwa wanaruka wenyewe mchangani, wanene, mgongo wa fedha, na wageni wa Catheline watakula mpaka waombe kulala. Asifiwe alifumba macho. Hata Amon, na hili lilimuudhi kuliko yote, aliwaona wale mbasa.

Halafu akaona na mkono wa Mwekezaji juu ya kizibo.

Amon alisimama, akakaa juu ya pipa.

— For God's sake, read the label! Someni kibandiko! Unataka kumimina humo? Ziwani? Ndiyo hiyo picha, baba. Ukimimina, picha inakuwa kweli.

— Shuka kwenye mali yangu.

— Sishuki.

Akabaki pale, miguu inaning'inia, akawaambia mambo ambayo hakuna ofisi iliyowahi kumuuliza. Kwamba kabla pipa kama hilo halijaruhusiwa kubeba kitu, ndugu zake hujazwa na kuangushwa sakafuni kutoka juu kuliko kimo cha mtu, kwa ubavu, kwa ukingo, na hawatakiwi kutoa hata chozi. Hurundikiwa mizigo juu yao. Hujazwa kwa kiasi, ile nafasi ya hewa inaachwa makusudi, maana joto likija kilichomo nacho kinataka kupumua. Hata kibandiko hakibandikwi kwa gundi ya duka la Mangi. Lazima kivumilie miezi ndani ya maji ya bahari na bado kisomeke.

— Miezi majini ya nini? aliuliza Meneja.

— Ili meli ikizama, atakayeliokota pipa ajue. Amon alimgeukia Mwekezaji, sauti imeshuka. Kuna mtu, sijui nchi gani, hajawahi kuisikia Matema. Amekaa mezani akafikiria: ipo siku mtu mmoja ataamka alikute ufukweni, hajui kusoma lugha yetu, tumchoree picha. Alikuwa anakufikiria wewe, tata.

Mwekezaji, aliyeitwa baba kwa lugha ya nyumbani, aliushusha msumeno.

— Mimi?

— Wewe.

Mvuvi alikitazama kile kibandiko cheupe kama barua iliyotoka kwa mtoto aliyehamia mbali.

— Na wewe, Digrii, alisema mwishowe, bila kejeli, wewe nani alikufikiria?

Walimwangusha na yeye kutoka juu, Amon alitaka kusema, ila hakuna aliyepima kwanza. Akayameza maneno hayo pamoja na kahawa. Mwekezaji alimpa mkono, akamsaidia kushuka, wakaliviringisha pipa wote wawili mpaka kwenye kivuli, na msumeno ukarudi begani. Togwa itakaa kwenye vyungu.

Vyungu vyenyewe ndivyo vilikuwa vinakuja. Mtumbwi kutoka Ikombe uliteleza bila sauti, Naomi mfinyanzi akiwa nyuma na kafi, mbele yake vyungu vya kuuza sokoni Lyulilo vimelala ndani ya majani makavu, bega kwa bega, kimoja hakimgusi mwenzake. Alishuka, akakunja kitenge magotini.

— Mwagonile, aliwaamkia.

— Ndaga, juba, kijiwe kilimjibu mama huyo.

Asifiwe alimmiminia kikombe. Naomi alikipokea, akaliona lile pipa kivulini, akasimuliwa habari yote na watu watatu kwa pamoja. Alikisikiliza kijiwe chote kwa upole. Kisha akageuka kuutazama mtumbwi wake uliojaa, akalitazama pipa tena.

— Sawa, alisema. Na wenzake waliopakiwa nalo wako wapi?

Mwekezaji alimtazama Amon, wote wakamtazama Amon. Amon alitazama ziwa, lilivyolala, lilivyong'aa, milima kichwa chini hadi kina kisichoonekana, na moshi ule umesimama palepale.

Asifiwe aliinua kidogo kutoka jikoni birika la maji aliyochota ziwani alfajiri, kama anayepima uzito wake, akalirudisha polepole.

Naomi alikuwa bado hajanywa. Ni wao waliokuwa wamefika kikombe cha pili.