Barafu ya Kupumzikia

Mwaka wa 1967, ndani ya basi lililotoka Kisii, maji baridi yalimdondokea Tryphosa mguuni. Yalitoka kwenye gunia la mzee Nyamongo aliyeketi kando yake.

"Ni barafu, mama, nimeinunua kwa wauza samaki. Miaka kumi na moja nilimpondea barafu mzungu mwenye shamba kule Nyansiongo, ikawa laini kama unga. Akainywa na pombe ya ramu, ndimu na sukari, miguu juu ya meza. Uhuru ulipokuja akaondoka, na sasa shamba ni langu. Leo jioni nami naketi barazani."

"Kwa baridi ya kule?" akauliza Tryphosa, Msabato ambaye hata chai alikuwa haonji. "Na nani atakupondea?"

"Mke wangu."

"Naye atapumzika lini, mzee?"

Basi liliposimama Keroka, Tryphosa akashuka.