Mzee Abilahi Likwata na Mlango wa Msaji

Tarehe 30 Juni 1975 Mzee Abilahi Likwata, fundi mkuu wa karakana yetu ya useremala hapa Kilwa Kivinje, anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi. Niliombwa niandike maneno ya furaha, na nilikuwa nimeshaanza. Lakini Jumanne iliyopita niligundua jambo lililonifanya nianze upya, kwa hiyo wasomaji mnivumilie.

Alianza mwaka 1953 akipiga randa, na kabla ya Uhuru alishakuwa bingwa wa msaji, mti ambao vijana siku hizi wanauita mtiki. Alitufundisha kuwa ubao wake una mafuta yake mwenyewe: mchwa akiuonja hughairi, maji hayaupindi, na msumari uliomo hauliwi na kutu upesi. Mafuta hayo hayo humwaibisha fundi mvivu. Mwenzetu Andrea aliwahi kuunga meza kwa gundi bila kuupangusa ubao kwa spiriti. Meza ikaachana mkutanoni, viwiko vya bwana mkubwa vikiwa juu yake. Mzee alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaitengeneza upya mwenyewe.

Mwaka 1961 tulipoagizwa mlingoti wa bendera, wengine tulitaka mti wowote ulionyooka, maana sherehe ilikuwa karibu. Yeye alishikilia msaji. Mlingoti ule ungali wima. Wa jirani zetu umeshaliwa na mchwa mara mbili.

Sasa lililonishtua. Mwaka 1969 kitanda cha kujifungulia katika zahanati ya kijiji cha Kiranjeranje kilivunjika, mzazi akiwa juu yake. Kilikuwa cha mti laini. Maji ya kuoshea yalikiozesha, mchwa wakamalizia. Mama na mtoto walinusurika. Zahanati ikaomba kingine haraka, lakini msaji ghalani ulikuwa umekwisha, tukaambiwa tusubiri miezi mitatu. Jumatatu iliyofuata Mzee akaja na kitanda kizima. Alisema ni mabaki ya nyumba ya zamani. Tukampongeza, tukaenda kunywa chai.

Jumanne nilikwenda kwake, shambani nje ya mji, kuchukua picha ya jarida hili. Miaka yote sikuwahi kufika. Tulikutana karakanani na msikitini. Mlangoni palining'inia gunia. Nikamtania mkewe, Bi Kidawa: "Shikamoo mama. Nyumba ya fundi haina mlango?"

"Marahaba, Fakihi," akajibu. "Mlango si uko Kiranjeranje? Huu mwaka wa sita wazazi wanaulalia."

Yalaa! Ulikuwa mlango wa msaji wa babu mzaa mama wa Mzee, uliohamishwa kutoka nyumba hadi nyumba. Alhamisi nilifunga safari, nikamwomba ruhusa muuguzi Scholastica, nikachungulia chini ya kitanda. Miguu yake ni miimo ya mlango, nakshi zimegeuziwa ndani zisionekane. Na mke wangu Esha, aliyekwenda kwao Kiranjeranje mwaka 1971 kujifungua mtoto wa kwanza kama ilivyo desturi, alimzaa binti yetu Ziada juu ya mbao zile. Nilikaa sakafuni nikalia, na sioni haya kuandika. Mafundi kumi na mmoja, tunaojua mlango wa namna ile ni kitu gani kwa mwenyewe, hatukuuliza hata swali moja.

Msaji ghalani sasa upo, nasi tumeamua kumtengenezea mlango. Tulipomwambia, aliuliza kama mbao hizo zisingefaa kwanza kitanda cha zahanati ya Kikole, maana amesikia kinayumba. Cha Kikole tutakitengeneza pia. Lakini kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, karakana imekataa amri ya Mzee Abilahi. Mlango utapachikwa Jumamosi.

Ahsante sana, Mzee wetu. Mola akuzidishie afya, akupe na mapumziko yenye raha pamoja na Bi Kidawa. Nawe mama, tunakuomba jambo moja tu: msumeno wake uufiche.