Bwana Nyoosha Anashuka Ngazi kwa Miguu Yake

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya kunyoosha migongo na magoti ya watu, mtaalamu wetu wa tiba ya viungo, ambaye hospitali nzima inamwita Bwana Nyoosha, anastaafu Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu. Hafla itafanyika saa nane mchana katika ukumbi wa mikutano. Kwa ombi lake, hotuba zisizidi dakika kumi kila moja, maana viti vya ukumbi ule anavifahamu.

Wasomaji wa jarida hili wanajua kwamba wasifu wa wastaafu wote huandikwa na mtu mmoja, na mtu huyo ni Bwana Nyoosha. Amewaaga kwa kalamu yake wauguzi, madereva, wapishi na matroni wawili. Safari hii kamati ilihangaika wiki tatu kutafuta mwandishi mwingine, na kila aliyeombwa akakumbuka kwamba ana likizo. Basi wasifu huu ameuandika mwenyewe. Mkikuta sifa mahali, jueni zimetoka wapi.

Alianza kazi akiwa kijana mwembamba, koti jeupe likimpwaya mabegani. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa fundi cherehani ambaye mgongo ulikuwa umemkaza kwa kuinamia meza miaka kumi na mitano. Bwana Nyoosha alitumia dakika arobaini kumtajia pingili zote za uti wa mgongo, moja baada ya nyingine. Mzee wa watu alisikiliza kwa adabu, akashukuru, akaenda zake na hakurudi tena. Tangu siku hiyo Bwana Nyoosha alipunguza maneno, ingawa mkewe mpaka leo hajaliona hilo punguzo.

Katika mwaka wake wa saba, kitengo kilihamishiwa ghorofani: ngazi ishirini na sita, na lifti hakuna. Chumba cha watu wasioweza kupanda ngazi kikawa juu ya ngazi. Alikwenda kwa mkuu wa utawala akiwa amefura kwa hasira, akatoka huko akiwa ameshukuru kwa kupewa dirisha kubwa. Ili kuficha aibu, akawa anawaambia wagonjwa kwamba ngazi ndiyo hatua ya kwanza ya matibabu, na wengi walimwamini. Wale waliokuja na magongo aliwashukia mwenyewe na kuwahudumia chini, kwenye kitanda cha kuazima.

Kazi aliijua, hilo hawezi kujinyima. Wenye mgongo aliwalaza chali, magoti yamekunjwa, wakainua nyonga taratibu mara kumi. Wenye magoti aliwafundisha kuinuka kitini na kukaa tena bila kushika popote, mpaka misuli ya mapaja ikapata nguvu ya kulibeba goti. Kukanda na kitambaa cha moto aliviacha mwisho, kwa kuwa vinapoza kwa muda tu. Kila mmoja aliambiwa kwamba kulala siyo dawa, na kwamba kuuma kidogo siyo kuumia. Wapo walioletwa wameshikwa mkono na watoto wao, na leo wanampita barabarani bila kumwona, kwa kasi wanayokwenda nayo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo jarida hili halijawahi kulichapa. Kwa miaka kumi na mmoja, Bwana Nyoosha mwenyewe alikuwa na mgongo mbovu, na hakumwambia mtu. Saa ya chakula alifunga mlango kwa ufunguo, akajilaza kwenye kitanda cha wagonjwa na kusoma gazeti. Mazoezi anayowaamuru wenzake hakufanya hata moja. Aliyajua yote, akadhani kuyajua kunatosha. Miaka mitatu iliyopita alikuwa amejaza fomu ya kustaafu mapema kwa sababu za afya, ikabaki kutiwa saini tu. Kazi anayoipenda ilikuwa inamponyoka, na aliogopa kuliko alivyoonyesha.

Wiki hiyohiyo aliinama kuokota kalamu, miguu imenyooka kabisa, kwa namna ambayo amekuwa akiwakataza watu tangu siku yake ya kwanza. Aliona nyota mchana, akaishia sakafuni. Aliyemkuta ni mama wa usafi, yule tunayemwita Mama Ndoo kwa kuwa hatengani na ndoo yake. Bwana Nyoosha aliomba machela, sindano na wiki mbili za kulala kitandani, yaani kila alichowanyima wengine. Mama Ndoo aliegemeza fagio ukutani, akamwuliza kama miguu ina ganzi, akaambiwa haina. Kisha akasema, "Kulala siyo dawa, dokta. Geuka taratibu, kunja magoti, vuta pumzi." Yalikuwa maneno ya Bwana Nyoosha mwenyewe, pamoja na kile kikohozi anachokohoa katikati.

Baada ya nusu saa alisimama. Kwa miezi mitatu iliyofuata, kila saa saba mchana, Mama Ndoo alisimama pembeni ya kitanda akihesabu. Mgonjwa alipojaribu kuruka kutoka sita hadi tisa, alirudishwa kwenye moja. Mwezi wa tatu aliinama mwenyewe, kwa kukunja magoti safari hii, akaifungua droo ya chini, akaitoa ile fomu na kuichana.

Ndipo alipomwuliza Mama Ndoo alisomea wapi. Mama akaonyesha ndoo. Kwa miaka kumi na sita, akimaliza kupiga deki ngazi zote zile, alikuwa akiigeuza ndoo na kuikalia nje ya mlango, kwa sababu magoti yalikuwa yanamtesa. Alisikiliza maelekezo ya wagonjwa, akaenda kuyafanya nyumbani kwake, kwa kuwa alidhani matibabu ni ya wenye kadi na hakuna aliyewahi kumwambia vingine. Bwana Nyoosha alikuwa akimpita kila siku, akimsalimu vizuri tu, halafu anaingia ndani kufundisha watu namna ya kukaa. Alimwandikia kadi siku ileile. Katika makosa yake yote, hili ndilo ambalo hajaweza kulifanyia mzaha, na bado linamuuma.

Kamati imeshanunua zawadi na kuificha stoo, ikasahau kwamba ufunguo wa stoo anao yeye. Ni kochi laini, la kuzama mpaka mabegani, aina ileile aliyoipiga marufuku kwa miaka ishirini na tisa. Anashukuru kwa moyo wote, na anaomba libadilishwe dukani kwa viti viwili vya mbao vyenye egemeo lililonyooka. Kimoja ataondoka nacho. Kingine kiwekwe juu ya ngazi, nje ya mlango, pale inapokaliwa ndoo.

Siku ya Ijumaa atashuka ngazi zote ishirini na sita bila kushika reli. Atakayemnyooshea mkono atakataliwa. Ni majivuno, mvumilieni kwa mara ya mwisho.

Anawashukuru nyote mliomwamini na migongo yenu. Desturi ni kufunga kwa kumtakia mstaafu heri, lakini mtu akijitakia heri mwenyewe watu hucheka. Kwa hiyo rasimu hii alimpa Mama Ndoo aimalizie. Mama alifuta sifa tatu, akaongeza mstari mmoja kwa mkono wake, nao tunauchapa kama ulivyo:

Tunakutakia maisha mema, dokta. Kila asubuhi kumi za mgongo na kumi za magoti, na mimi nitapiga simu tuhesabu pamoja.