Sufuria ya Watu Wawili

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mwalimu Mkuu wetu, walimu na wafanyakazi wote, ndugu zetu wa jikoni ambao leo nawaona mmevaa viatu vya kung'aa badala ya mabuti ya mpira, shemeji zangu na mawifi zangu mliosafiri tangu alfajiri, wageni waalikwa, na ninyi wanafunzi mnaotupia macho masufuria ya kule nyuma zaidi kuliko jukwaa hili: nawasalimu nyote kwa heshima na taadhima.

Mshereheshaji ameniambia nina dakika tano. Nimemwitikia, kwa kuwa nimelelewa vizuri, lakini mwanamke aliyemngoja mumewe atoke jikoni kwa miaka thelathini na minne hawezi kuyamaliza ya moyoni kwa dakika tano. Utanisamehe, mwanangu.

Kwa msionijua, mimi ni fundi cherehani. Nusu ya sare zilizokaa hapa zimepita mikononi mwangu, na wewe kijana wa mstari wa tatu, upindo huo si wangu, uje unione. Na mimi ndiye mke wa mzee yule aliyekaa mbele pale, mwiko umemlalia mapajani kana kwamba ataulizwa upo wapi, mpishi mkuu wa shule hii, ambaye ninyi mnamwita Mzee Ukoko kwa sababu mtoto aliyechelewa kula hakosi kubanduliwa ukoko. Anastaafu leo. Au niseme, anatakiwa kustaafu leo. Maana nimesikia, na Mwalimu Mkuu atanisahihisha nikikosea, kwamba ameombwa abaki muhula mmoja zaidi mpaka apatikane mwingine, na yeye amesema jibu atalitoa hapahapa mbele yenu. Basi nikaona heri nitangulie mimi kusema, kabla hajafungua kinywa.

Waliotangulia wamemsifu kwa kazi yake na wote wamesema kweli. Mimi nitawapa kitu ambacho hakuna hapa anayekijua, nacho ni likizo zetu za kwanza. Mwaka tuliooana tulisafiri mara tatu, kwa sababu shule hufunga mara tatu, na bwana harusi wangu hakuwa na ruhusa ya kuwa mume wa mtu ila shule ikifungwa. Watu husema mwanamume akioa amepata jiko. Huyu alikuwa na majiko sita tayari, tena makubwa. Sijui mimi alinitakia nini!

Safari ya kwanza tulikwenda mji mmoja wa milimani, wenye baridi na maua, kwa treni. Nilishona gauni la safari, nikasuka nywele, nikafika stesheni nikiwa bibi harusi kamili. Nikamkuta mwenzangu amesimama na sanduku moja na mwiko. Si mwiko wa nyumbani, jamani. Ni huohuo alioushika, wa kukorogea uji wa shule nzima, ambao ukiusimamisha unanifika begani. Nikamuuliza, "Bwana wee, huu wa nini?" Akanijibu kwa upole wake ule mnaoujua, "Nikiuacha watauunguza."

Ndani ya behewa akaja mkagua tiketi. Akautazama mwiko, akatutazama sisi.

"Kaka, huko milimani mnakwenda kupiga makasia?"

"Huu ni mwiko, mkuu."

"Wa kumpikia nani?"

"Mke wangu."

Behewa zima liligeuka kunitazama, wakanipima kuanzia kichwani mpaka miguuni, kuona huyo mke ana tumbo la namna gani. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Hamkuona nilivyokuwa mwembamba siku zile, mnacheka tu.

Tukafikia kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mjane, chumba chetu kina dirisha la buluu na jiko la pamoja liko uani. Nami nisijitie utakatifu: mapazia ya chumba kile yalikuwa mafupi, upindo umeshonwa ovyo, na mimi nilikuwa na sindano mkobani. Kabla hatujanywa hata maji nilishayafumua. Kwa hiyo mume ana mwiko, mke ana sindano, ndiyo fungate hiyo. Lakini mimi angalau nilishona mapazia mawili. Yeye nilimtuma sokoni akalete maharage ya chakula chetu cha mchana, akarudi amefuatana na mchukuzi, na mchukuzi ana nusu gunia kichwani.

Nikashika kiuno. "Tuko wawili!"

"Nimepunguza," akasema. "Nimepunguza sana, mke wangu."

Na hakuwa akinitania. Mkono wake ulikuwa umezoea magunia. Ukimwambia vikombe viwili vya maharage, hajui aanzie wapi. Akapika yote. Nyumba ile walikuwamo muuza saa wa kutembeza, mama mmoja na mapacha wake, mafundi wawili wa kuchimba visima, na mwenye nyumba mwenyewe ambaye jino lilikuwa linamuuma tangu juzi. Wote walikula, wakarudia, na mwenye jino akasahau jino. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hapo wageni walipona wote pamoja na mwenyeji, isipokuwa bibi harusi. Mimi nilikula na muuza saa kulia, kushoto pacha ananipaka mchuzi kwenye gauni langu jipya, na mume wangu hakukaa. Alisimama na mwiko wake kando ya ukuta, akitazama nani sahani yake imepungua.

Baada ya kula nilimvuta uani nikamwambia yaliyokuwa moyoni. Nikamwambia, nimefurahi kwamba watu wameshiba, lakini nataka siku moja upike chakula cha mimi na wewe tu, halafu ukae. Hakubisha, akaniahidi. Kesho yake akanishika mkono akanipeleka sokoni kwenye vyombo, akasema nichague. Nikachagua sufuria ndogo ya bati, mpini wake mmoja, ya kuingia mayai manne kwa kubanana. Akaigeuza, akaipiga kucha, akachungulia ndani.

"Hii haitutoshi."

"Tuko wawili, mpenzi."

"Leo," akasema. "Tutakuwa wengi."

Wanafunzi, acheni kupiga miluzi. Nilikuwa mke halali. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto, na ile haya ilikuwa tamu, siwafichi. Sufuria nikainunua hivyohivyo.

Likizo ya pili tulikwenda kwa mama yangu. Hiyo ni fupi, kwa kuwa mama alikuwa na sheria moja: jikoni mwake haingii mtu. Mume wangu aliwekwa sebuleni kwenye kochi la kitambaa cha kufumwa, akakaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Siku ya pili, harufu ikamfikia. Akavumilia, akavumilia, mwisho akaita kwa adabu zote, "Mama, samahani, kuna kitunguu kinaungua huko." Mama naye akajibu hukohuko aliko, "Baba, kaa kwenye kiti chako. Kitunguu ni changu." Tangu siku hiyo walipendana mpaka mama anaingia kaburini. Na ndiye mtu pekee aliyewahi kumfanya akae chini watu wakila.

Sasa likizo ya tatu.

Hii nitaisema taratibu, na mume wangu naona ameinamisha kichwa, kwa sababu anajua nakokwenda. Usiogope. Tumekwenda pamoja hata mara ile.

Safari ya tatu tulitaka kuliona ziwa. Nilikuwa mjamzito, mimba changa, tulikuwa hatujamwambia mtu. Yeye alikuwa ameninunulia mto wa kuegemea kwenye treni, na kila stesheni anashuka kutafuta chungwa. Tulikwenda watatu, ndugu zangu. Hatukufika ziwani. Njiani nikashikwa na maumivu, tukashushwa kwenye mji mdogo tusioujua, wakatupokea kwenye zahanati iliyokuwa mkabala na stesheni, na tulipotoka pale tulikuwa wawili.

Tulipanga chumba ng'ambo ya barabara mpaka nipate nguvu. Nilikuwa nimelala nimegeukia ukutani. Sufuria ndogo ilikuwa sandukuni, nilikuwa nimeibeba kwa utani tu, ili nimkumbushe ahadi yake. Nikasikia analifungua sanduku, nikasikia kiberiti. Akapika uji. Ndugu zangu, mpishi wa watoto mia nne, uji ulikuwa na madonge, chumvi hakutia, sukari kasahau. Akaja akakaa kitandani. Akakaa! Vijiko viwili, sufuria moja.  Tulikunywa mpaka tukafika chini, na nawaambia leo, mbele ya Mwenyekiti na Bodi yake, mimi sijawahi kula kitu kizuri kuliko uji ule wa madonge.

Tuliporudi nyumbani aliiosha, akaifunga kwa kipande cha kitambaa alichokiokota chini ya cherehani yangu, akaiweka juu ya kabati. Hakuishusha tena. Na hakuja mtoto mwingine. Tulikwenda kwa madaktari, tulisali, tukasubiri, hakuja.

Mnajua Jumapili kwetu kukoje? Anapika kwa ajili ya mtaa mzima. Majirani wamezoea, wanaleta mabakuli bila hata kubisha hodi. Watu hudhani ni mazoea ya kazi, na mwanzoni nami nilidhani hivyo. Baadaye nikaelewa. Mume wangu hakutaka ndani ya nyumba yetu kuwe na sufuria inayotuambia kwamba tuko wawili.

Ninyi watoto mliopita hapa, alipowabandulia ukoko, aliwabandulia kwa moyo wake wote. Kuna miaka niliwaonea wivu, nasema kweli, nilikuwa nashona sare zenu huku nimenuna. Yamekwisha. Mmemshibisha yeye kuliko alivyowashibisha ninyi, nami nawashukuru kwa hilo kwa moyo mweupe.

Mwalimu Mkuu, dada yangu, sikulaumu kumwomba abaki. Ningekuwa wewe ningemfungia mlango kwa kufuli. Lakini muhula mmoja utazaa wa pili, na wa pili una ndugu zake. Wewe una uchungu wa kumpoteza mpishi. Je, mimi niliyemwazima shule tangu fungate, nitarudishiwa lini?

Na wewe, mume wangu, inua kichwa unitazame. Unadhani sijui? Unaposema jiko litaharibika bila wewe, mimi nasikia unasema nyumba itakuwa kimya. Unaogopa kuamka asubuhi ukute meza ina viti viwili tu vyenye watu. Hata mimi niliogopa. Nimeogopa mwaka mzima huu, kila nikihesabu miezi ya wewe kustaafu. Lakini nimechoka kuomboleza kwa kupikia mtaa, mpenzi. Nakuomba, wala sioni haya kukuomba mbele ya watu mia sita: rudi nyumbani. Ziwa lile hatujaliona bado. Treni bado inakwenda. Wewe shuka kwenye stesheni unitafutie machungwa kama zamani, nami nitakushikia nafasi.

Wifi, nipe huo mkoba. Ahsante.

Ndiyo hii. Imepata kutu kidogo kwenye mpini, nimeisugua jana mpaka vidole vikauma. Sikusema nimeileta, kwa kuwa ungeninyang'anya getini. Sasa mimi nimemaliza kusema. Jibu la Mwalimu Mkuu ni lako, na langu pia ni lako, na lolote utakalojibu mimi bado ni mkeo.

Jamani, ameinuka. Nyamazeni kidogo. Anakwenda wapi? Anakwenda kwa msaidizi wake wa jikoni. Amempa mwiko. Upokee vizuri, baba, kwa mikono miwili, usilie, ukilia nami nitalia na wanja huu nimepakwa kwa gharama.

Karibu, mume wangu, panda taratibu, ngazi ya pili imelegea. Haya, shika. Ameishika. Anaigeuza, mtu huyu! Anaipiga kucha! Anachungulia ndani, kama siku ileile sokoni.

Unasemaje? Sema kwenye kipaza sauti, wakusikie mpaka wale wa nyuma.

Mmesikia? Amesema, "Inatutosha."

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, ndugu zangu wote, nawashukuru kwa masikio yenu, na wewe mshereheshaji kwa dakika zako tano ambazo sijui zimekwenda wapi. Msaidizi, mwiko ni wako, pakua, watu wale. Na pale kwenye meza ya mbele, tafadhali, wekeni viti viwili. Leo huyu anakaa.