Siri ya Bochaberi na Kaptura Yake

Mwaka wa 1971, katika basi la Nyamira, Bochaberi alimnong'onezea mama mzee aliyeketi kando yake siri ambayo hata mama mkwe wake hakuijua: alikuwa na mimba changa, na hakutaka kuacha mbio zake za asubuhi. "Muuguzi ameniruhusu, mradi niweze kuzungumza nikikimbia."

"Acha, mwanangu. Mimi nilizaa saba bila kukimbia."

"Na majani ya chai, mama, uliyapelekaje kwenye kituo cha kununulia?"

"Mgongoni, nikipanda mlima upesi kabla karani hajafunga mizani."

"Si huko ndiko kukimbia?"

"Huko ni kuwahi," alijibu kwa utulivu wa hakimu. "Kukimbia ni kwa kaptura."

Bochaberi akausukuma mkoba wenye kaptura chini ya kiti. Basi liliposimama Sironga, mama akainuka. "Kesho vaa rinda, ubebe kikapu kitupu cha chai, kisha uwahi. Mama mkwe wako atakusifu."