Matawi Kumi na Moja ya Njia ya Kilambo

Kijiwe chetu cha Magomeni, hii ya huku kusini, ni benchi moja refu lenye mguu mmoja wa tofali, jiko langu la mkaa, dele langu la kahawa, na kivuli cha banda la fundi baiskeli. Mimi ni Mohamedi, muuza kahawa. Kazi yangu ni kumimina na kunyamaza, ingawa hiyo ya pili inanishinda. Jumamosi hiyo tulikuwa tunasubiri wageni wanne, wazungu wa makamo wenye baiskeli zao, walioondoka Kilambo, kule kwenye mto wa mpakani, alfajiri pamoja na dada mmoja anayeongoza watalii, anaitwa Jesca. Walikuwa wanaijaribu njia mpya ya baiskeli, isiyo na gari wala pikipiki, inayokata msituni, ikapita kwenye mikorosho mikongwe na makaburi ya kale ya mawe nyuma ya kijiji cha Ziwani, kisha ikaishia hapa hapa mbele ya banda. Wakiipenda, wenzao watakuja kila mwezi, na banda la fundi ndilo litakuwa kituo chao. Walitakiwa wafike saa nne. Ilikuwa saa nane.

Fundi mwenyewe jina lake Alfredo, lakini mjini tunamwita Spoku na wengi hawajui kama ana jina jingine. Alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa mgongoni mwa mama yake, na mama huyo mpaka leo analima karibu na mto, upande wetu. Njia ile aliichagua yeye, kwa miguu yake, wiki nzima. Na hapa niseme jambo linaloniuma: Spoku hajamwona mama yake misimu miwili ya korosho sasa. Alimwahidi kumwezekea nyumba kwa mabati, mabati hayakupatikana, akaona haya kurudi mikono mitupu. Tukimuuliza anasema njia ya kule mbovu, baiskeli haipiti. Nasi tunaitikia kwamba kweli, mbovu. Aibu ya rafiki unamsaidia kuibeba, hata kama unajua ndani hamna kitu.

Wa kwanza kuanza kukisia sababu alikuwa Athumani, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki.

— Hao wamepata pancha. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Msituni miti tele, fundi atoke wapi?

— Wana pampu, wana viraka, alisema Spoku bila kuinua kichwa. Alikuwa ananyoosha ringi iliyokuwa imenyooka tangu asubuhi.

— Basi wamepotea.

— Hawapotei. Nimefunga njia panda zote.

— Wewe ulisema saa nne. Njia ya mwongo fupi, Spoku. Kwa hiyo ya mkweli lazima iwe ndefu. Wanachelewa kwa sababu ni watu wa kweli.

Nilimmiminia kikombe ili anyamaze. Haikusaidia. Alipokunywa alikumbuka tembo. Alisema tembo wamevuka mto kutoka upande wa pili, wamesimama katikati ya njia, na kwamba tembo akiona baiskeli anaona miwani ya tembo mwenzake, basi anasogea ajitambulishe.

— Umewahi kumwona? nilimuuliza.

— Mimi nilimwona nyayo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na tembo ndiye mkuu wa guu.

Hapo akaingia Bandari. Jina lake Godfrey, mtu wa Njombe, ingawa hatujawahi kumwona akienda huko. Amefanya kazi ya ukarani bandarini miaka thelathini, amestaafu, na bado anavaa shati la mikono mirefu lenye kalamu mfukoni. Kampuni ya watalii ilipoandika barua ya kuomba wenyeji waunde kamati ya mapokezi, Bandari alijiteua mwenyekiti kabla barua haijakunjwa. Yeye hakuamini habari ya tembo. Alituambia kwa utaratibu, kama mtu anayesoma karatasi, kwamba wageni wamefuata mto badala ya kuuacha, wakavuka bila kujua, na saa hizi wako Palma, Msumbiji, wanakula kamba na kulalamika kwamba Magomeni imebadilika.

— Na lugha? akauliza Redio.

— Wanadhani Kireno ndicho Kiswahili chetu.

Tulicheka, hata mimi. Redio akaona amezidiwa, akapandisha dau. Alisema wageni wale si watalii, wanatafuta reli ya zamani ya mkoloni ya kubebea karanga, ile iliyong'olewa zamani babu zetu wakiangalia. Mataruma yake yamefukiwa chini ya makaburi ya mawe, na sasa hivi wanachimba kwa miiko ya kulia chakula. Bandari akamsahihisha kwamba reli haikupita huko. Redio akajibu kwamba ndiyo maana wamechelewa, wanachimba pasipo nayo.

Spoku hakucheka. Alisimama, akaangalia barabara, akarudi kukaa. Mikono yake ilikuwa imejaa grisi na alikuwa anaifuta kwenye suruali ileile mpya aliyoivaa kwa ajili ya wageni. Nilimwonea huruma. Mtu akingoja kitu kimoja maisha yake yote, kinapochelewa, masaa manne ni mengi.

— Usiogope, mdogo wangu, Bandari alimwambia kwa upole. Njia iko safi. Mimi mwenyewe jana nimeikagua.

— Umeikagua?

— Nilimwomba kijana wa pikipiki anifikishe mwanzo wake, nikaingia kwa miguu kipande chote cha msituni. Barua ilisema njia isiwe na vizuizi. Sasa watu wa huku, samahani, wanakata miti ovyo. Kila njia panda nimekuta tawi bichi limelazwa chini. Nimetoa yote. Matawi kumi na moja, nimeyatupa porini.

Redio aliweka kikombe chini kabla hakijaisha.

Kwa asiyejua: huku kwetu mtu aliyetangulia akifika njia panda hukata tawi bichi akalilaza kwenye njia isiyo yake. Anayefuata nyuma akiliona anajua huku siko, anashika ile nyingine. Hakuna kibao, hakuna rangi, na hata mtoto analijua hilo. Bandari ameishi nasi miaka thelathini na zaidi, amekula nasi misiba na harusi, lakini amekwenda kila mahali kwa gari, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumwambia. Hilo ni kosa letu pia.

Nilimweleza. Alivua miwani yake akaishika mkononi.

— Nilidhani ni uchafu, alisema. Nilitaka upate kazi, Spoku. Wallahi sikujua.

Mkristo akiapa kwa wallahi ujue ameumia. Spoku hakumgombeza. Alimuuliza swali moja tu.

— La pale kwenye kichuguu kikubwa, nalo ulitoa?

— Hilo ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Lilikuwa na panda mbili, limeziba njia kabisa. Nililiburuta.

Spoku akaweka ringi chini. Mimi naijua njia ile ya kichuguu. Haiendi Palma wala kwa tembo. Inakwenda kwa mama yake.

Kahawa ilikuwa inapoa mikononi tuliposikia kengele. Baiskeli tano zilitokea kona ya msikitini, nyekundu kwa vumbi. Wageni walikuwa wamejifunga majani ya mgomba kichwani kukinga jua, na mmoja alikuwa amening'iniza usukani mfuko wa korosho za kuchoma. Walikuwa wanacheka kama watu waliotoka harusini. Jesca alishuka, akatuamkia shikamoo mmoja mmoja, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Nikampenda papo hapo.

Alisema tumsamehe kwa kuchelewa, na simu haikushika. Pale kwenye kichuguu hawakuona alama yoyote, wakashika njia iliyokuwa pana zaidi, ikawatoa kwenye nyumba ya mama mmoja mzee. Mama hakuuliza wametoka wapi. Aliwatandikia mkeka, akawachemshia muhogo, akawachomea korosho, akawashika mikono mmoja mmoja na kuwakagua kama anawapima nguo. Wageni waligoma kuondoka mpaka saa tano, kisha wakaja huku wakiulizauliza kila njia panda. Wanasema wenzao wakija, hapo lazima wapite.

— Njia wameipenda, Fundi Spoku, alisema. Imepita.

Bandari akashusha pumzi. Redio akataka kupiga makofi. Lakini Jesca alikuwa bado ana neno.

— Nyie wazee wa hapa labda mtanisaidia. Yule mama, anaitwa Amelia, wakati tunaaga aliishika baiskeli yangu kwenye tandiko, hakutaka kuiachia. Akaniuliza kitu nikashindwa kumjibu. Alisema ana mwanawe mjini, fundi wa baiskeli, anaitwa Alfredo. Amesikia kwamba hafiki kwa sababu baiskeli haipiti. Sasa akaniuliza: kama za hawa zimepita, ya Alfredo inakwama wapi?

Niliangalia ndani ya dele ingawa nilijua kilichomo. Redio aliangalia viatu vyake. Jesca akatutazama, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwa Spoku, na hapo nadhani akaelewa, kwa sababu alishusha macho.

— Nyumba yake, Spoku alisema. Paa linavuja?

— Habari za nyumba hakutuambia, kaka. Alitwambia habari zako.

Spoku aliingia bandani, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, muda mrefu. Alipotoka, Redio alikuwa ameshaishusha baiskeli yake mwenyewe kutoka kwenye msumari, Foniksi nyeusi iliyokuwa hapo kwa matengenezo tangu mwezi uliopita.

— Chukua hii, alisema. Imenyooka. Umeinyoosha mwenyewe.

Hilo ndilo jambo la kweli pekee alilosema siku nzima, na hakuliwekea methali. Nilimfungia Spoku kashata zote zilizobaki kwenye gazeti. Aliuliza ni za nini, nikamwambia si zake.

Spoku alikuwa ameshapanda baiskeli wakati Bandari alipomfuata, miwani ingali mkononi.

— Kesho nitakwenda kuyarudisha matawi. Yote kumi na moja. Utanionyesha yakae vipi.

— Rudisha kumi, alisema Spoku. La kwenye kichuguu liache.

Akaondoka kwa njia waliyojia wageni, tukamtazama mpaka alipopita kona ya msikitini. Wageni waliomba kahawa. Niliinamisha dele, likatoa nusu kikombe na machicha, nikawaambia imekwisha. Bandari alikuwa amerudi kukaa mwisho wa benchi, pale penye mguu wa tofali.

— Redio, alisema. Basi la Njombe linaondoka saa ngapi siku hizi?

Redio anajua bei ya korosho ya kesho na majina ya tembo wa ng'ambo. Saa ya basi hilo hakuijua. Mimi nami sikujua.