Mama Sina Swali Anastaafu, Maswali Tunabaki Nayo Sisi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Sina Swali anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kuwatetea washtakiwa wa makosa ya jinai. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja cha ofisi miaka kumi na mmoja, na wakubwa waliamini kwamba kwa muda huo nitakuwa nimemwelewa. Nawaomba radhi.

Alianza kazi zama za taipureta, wakati wakili wa utetezi aliingia mahakamani bila kujua shahidi atasema nini. Baadaye ikaja kanuni kwamba upande wa mashtaka ukabidhi mapema maelezo ya mashahidi na vielelezo. Sisi tulishangilia kwamba kazi imepungua. Yeye alinung'unika kwamba sasa hatuna kisingizio. Ushahidi wa simu na kamera ulipoanza kupokelewa, akiwa na miaka hamsini na miwili, alirudi darasani, akakaa dawati la mbele na kumchosha mwalimu: nani aliishika simu, nani alinakili picha, zilihifadhiwa wapi.

Jina la utani alilipata kwenye kesi ya mlinzi wa ghala aliyeshtakiwa kwa wizi. Nilikuwa mgeni kazini. Niliandaa maswali kumi na manne ya kumbana shahidi mkuu, nikayapaka rangi kulingana na uzito wake. Zamu yetu ilipofika, Mama alisimama, akamtazama shahidi, akasema, "Sina swali, Mheshimiwa," akakaa. Nilidhani amesahau miwani. Kumbe shahidi alisema alimwona mwizi, lakini hakuna aliyemtaka aseme kama mwizi huyo ndiye aliyekuwa kizimbani. Ningeuliza mimi, angesema. Mlinzi alionekana hana kesi ya kujibu, akaenda nyumbani. Mama alinieleza, huku akimenya chungwa, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, ila ufa wa nyumba ya jirani haukuhusu.

Nikaandika daftarini: usiulize. Wiki iliyofuata alimhoji daktari kwa saa tatu bila kupumzika. Nikaandika: uliza. Daftari hilo lina kurasa tisini, na karibu kila ukurasa unakanushwa na unaofuata.

Sasa Jumatatu mimi ndiye ninayesimama kumtetea mwoka mikate aliyekaa mahabusu miezi kumi na tisa, akidaiwa kumjeruhi mnunuzi mlangoni kwake. Shahidi aliyebaki ni keshia wa duka la jirani, anayesema aliona yote akiwa kwenye kiti chake. Kwenye jalada Mama aliniachia maneno mawili: "Huyu muulize." Nimuulize nini? Alinijibu niende nikakae kwenye kiti hicho.

Nilikwenda Jumanne, keshia akiwa likizo, na mwenye duka akaniruhusu huku akinitazama kama mgonjwa. Kutoka pale sikuuona mlango wa mwoka mikate. Niliona jokofu la soda. Nilirudi mbio, nimejaa furaha, na Mama akaniuliza kama siku ya ugomvi jokofu lilikuwepo. Kama lililetwa baadaye, swali langu lingemfunga mteja wangu. Akafungua picha za kamera ya dukani, zile tulizokabidhiwa na mashtaka, nilizozitazama mara tisa na kuzidharau kwa kuwa hazikunasa ugomvi. Pembeni, siku ile ile, saa ile ile, jokofu limesimama. Mimi nilikuwa natafuta watu tu.

Jana tulikwenda pamoja mahabusu kumwona mteja wetu. Alimuuliza Mama kama ni kweli hatakuja mahakamani Jumatatu. "Atakuja huyu," Mama akamwambia. Mwoka mikate alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni. Aliogopa, nami niliogopa kuliko yeye.

Tulipokuwa tunashuka ngazi nilimweleza Mama nitakavyomhoji keshia: kwanza kiti, kisha jokofu, mwisho picha. Nikamwomba anibane bila huruma. Alisimama, akanitazama, akasema, "Sina swali."

Tangu jana nahangaika na maneno hayo. Je, ameuona ufa akauacha? Lakini Mama huacha ufa wa jirani tu, na mimi si jirani.

Mama, asante kwa miaka yote, na kwa wote waliorudi kwao kwa sababu ulijua wakati wa kunyamaza. Tunakuombea pumziko jema, afya na wajukuu watiifu. Ila Jumatatu saa tatu asubuhi, miguu ikikuwasha, benchi la nyuma lina nafasi.